Nani kawaambia picha isiandikwe?

Ukikaa na vijana waliotoka kusomea uchoraji, hukosi kuisikia amri hii: picha ijieleze yenyewe. Ukitia neno ndani yake, basi umeshindwa kuchora. Mwalimu kaisema darasani, mwenye ukumbi wa maonyesho kaikazia, na kijana kaibeba vivyo hivyo bila kuuliza imetoka wapi. Mmoja wao, jirani yangu hapa Temeke, alipeleka picha zake mahali fulani mjini ili zitundikwe. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya foleni ya maji bombani. Ndoo za kila rangi zimejipanga hadi nyuma ya msikiti, na kila ndoo kaiandika jina la mwenyewe na neno lake moja la siri: huyu anadaiwa, huyu kaachika, yule anangoja barua ya ajira tangu mwaka juzi. Wakamsifu kwa rangi. Kisha wakamwambia afute maandishi, maana yanaifanya picha ionekane kama bango.

Alipokuja kunihadithia nilicheka kwanza, kwa sababu mimi riziki yangu ndiyo mabango.

Nimeandika vibao vya saluni, mabucha, gereji, maduka ya dawa na shule za chekechea tangu nilipokuwa mtoto wa kumshikia fundi kopo la rangi. Kazi ina utaratibu wake. Unapaka rangi ya chini na kuiacha ikauke vizuri. Unachukua uzi, unaupaka chaki, unaushika ncha mbili pamoja na mwenzako, unauvuta kati na kuuachia upige ubao: paa, mstari umebaki. Unahesabu herufi na kuzigawia nafasi, ukikumbuka kuwa I haitaki nafasi kubwa ilhali M na W zinataka kujitanua. Halafu kichwa cha mteja wa kinyozi. Hicho tunakichora kushoto mwa ubao, uso umeelekea kulia, kwa sababu macho yake ndiyo yanayompeleka mpita njia kwenye maneno. Ukimgeuza akatazama nje ya ubao, watu wote watatazama alikotazama yeye, na bei ya kunyoa hakuna atakayeiona. Fundi wangu aliwahi kunifutisha kichwa kizima kwa ajili hiyo, wakati nywele zilikuwa zimekaa vizuri sana.

Kwa hiyo msomaji ajue ninapotokea. Sina cheti cha sanaa. Kwenye kazi yangu hakuna anayeuliza picha inaishia wapi na maandishi yanaanzia wapi, kwa kuwa vyote vinatoka kwenye brashi moja na kulipwa bei moja. Na maoni yangu ni haya: amri ya kufuta maneno haikutoka kwetu, wala haitufai. Imewafanya wachoraji wetu wazungumze na watu wasiowajua, huku majirani wakiwapa kisogo.

Tuanzie kwenye kabati la nguo. Kanga ni picha iliyochapwa kwenye kitambaa, na ina sehemu zake zinazojulikana na kila mwanamke wa pwani: pindo linalozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina, yale maneno yanayokaa upande wa chini. Historia yake inaanzia Unguja na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, wanawake waliponunua leso zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunganisha ziwe nguo moja pana. Maneno yalikuja baadaye kidogo, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazosomea magazeti. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza biashara mwaka 1887, linatajwa sana katika habari hii, na mpaka leo ukiona kanga imeandikwa „Mali ya Abdulla“ pembeni ujue ni ya kwao.

Sasa tazama maneno yanavyofanya kazi. Mke wangu ana doti moja yenye jina ambalo wengi wanalijua: „Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake.“ Mji wake hauna simba hata mmoja. Una korosho, zile zilizopinda ncha, za rangi ya chungwa kwenye weusi, zimezungukwa na vitone vyeupe. Asiyejua kusoma Kiswahili ataona kitambaa kizuri cha maua na matunda, atakitandika mezani na kuweka bakuli la saladi juu yake. Anayejua kusoma anaona jambo jingine kabisa: kwamba uzuri wote ule umetangulizwa ili neno lile lipite mlangoni bila kuzuiwa. Mchoro haulielezi jina, na jina haliuelezi mchoro. Kila kimoja kina lake, na anayeviunganisha ni aliyevaa.

Na anaviunganisha kwa kuvaa tu. Doti ile ilikaa kabatini muda mrefu. Siku moja akaja ndugu yangu wa kike, ambaye huwa haji ila ana la kusema kuhusu mapishi ya nyumba hii, na mke wangu akatoka chumbani kajifunga kanga ile kiunoni, akaenda zake jikoni. Jina la kanga, kwa wale wasiowahi kuangalia, limewekwa mahali ambapo ukijifunga hukaa nyuma, chini kidogo ya kiuno. Husomwi ukija, unasomwa ukiondoka. Hakuna aliyetamka kitu. Dada yangu alisoma, akanywa chai yake, akauliza habari za watoto. Mimi nilitazama dari.

Niambieni ni mchoraji gani wa turubai aliyewahi kupata hadhira kama ile. Picha moja, maneno kumi, na watu watatu ndani ya nyumba wameelewa vitu vitatu tofauti. Na kama kanga ileile angeletewa na mtu kama zawadi ya arusi, hadithi yake ingekuwa nyingine tena. Ndiyo maana hunichekesha mtu anaposema kuwa maneno huifunga picha ibaki na maana moja. Huenda kwao yanafunga. Kwetu yamekuwa yakiifungua kwa zaidi ya miaka 100.

Kiwanda kinalijua hilo vizuri kuliko vyuo. Mwaka 2008 Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani, ilitoka kanga yenye sura yake katikati ya mji, mapindo yamejaa, na misemo miwili ya kazi: „Hongera Barack Obama“ juu, na chini „Upendo na amani ametujalia Mungu“. Picha ya mwanasiasa pekee ingekuwa fulana ya kampeni. Lile neno la chini ndilo lililoigeuza kuwa kitu cha kumvisha bibi siku ya maulidi au ya kanisani, akaivaa bila kujiona kajiingiza kwenye siasa za watu.

Kabla ya kanga palikuwa na milango. Ukipita Mji Mkongwe wa Unguja, au Lamu, inua macho utazame kizingiti cha juu cha mlango wa zamani. Kati ya maua na minyororo iliyochongwa utakuta mara nyingi maandishi ya Kiarabu: aya, jina la mwenye nyumba, mwaka wa Hijria. Fundi wa mbao hakuona kwamba herufi zinamharibia maua yake. Alizichonga kwa patasi ileile na kina kilekile, na aliyeagiza mlango alilipia vyote. Sitakaa sana hapo, wapo wanaoijua milango kunishinda. Ninachotaka kusema ni kwamba huku pwani aliyeshika chombo cha kuchora au kuchonga hakuwahi kuambiwa achague kati ya umbo na neno.

Basi ukimya uliingia wapi?

Nitasema ninavyoona, na wenzangu wa Tingatinga wasinichukie, kwani ni watu ninaowaheshimu na wengine tunanunua rangi duka moja. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitumia vipande vya ubao laini wa kuezekea dari na rangi ya kung'aa ya baiskeli, na picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, akiwa hajafika umri wa kuchoka. Katika miaka hiyo michache alibuni mtindo ambao leo unajulikana dunia nzima. Lakini wateja wa Oysterbay walikuwa wageni. Mgeni hasomi Kiswahili. Anataka chui, tembo, ndege wenye shingo ndefu, kitu kitakachoingia kwenye begi na kueleweka akifika kwao. Ukimwandikia neno, umempa shida ya kutafuta mkalimani. Soko likamfundisha mchoraji anyamaze, na wanafunzi wake wakairithi ile tabia pamoja na chui.

Wapo waliokataa. Marehemu Mohamed Charinda alichora hadithi, akachora habari za utumwa na ngano za kwao, na picha zake unazisoma kutoka kona hadi kona. Katika zile picha za vijiji na hospitali, zenye watu wengi kama siku ya mnada, utaona pia vibao vimeandikwa „Duka“ au „Hospitali“. Lakini hao ni wachache mbele ya maelfu ya twiga wanaotazama jua likizama. Kipimo changu kwa hiyo ni rahisi: nikitaka kujua picha ilichorwa kwa ajili ya nani, naangalia kama ina neno ninaloweza kulisoma. Kanga inauzwa kwetu, inasema. Daladala inatubeba sisi, inasema mpaka kwenye kioo cha nyuma. Picha ya kwenye duka la uwanja wa ndege haisemi.

Mtu ninayemtaja kila nikibishana juu ya jambo hili ni Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi. Alizaliwa mwaka 1947, mji ule ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, na lugha yake ya mazungumzo ilikuwa Kiswahili, kile cha Katanga kilichochanganyika na Kifaransa. Alichora kwenye kitambaa cha magunia ya unga, na wateja wake walikuwa watu wa mjini mwake, wenye mshahara mdogo na sebule ndogo. Pale Lubumbashi ya miaka ile picha za namna hiyo zilikuwa na aina zake zinazojulikana. Kulikuwa na ya mamba muntu, ambaye sisi tungemwita nguva. Kulikuwa na ya „Colonie Belge“, ambamo mfungwa kalazwa chini anachapwa viboko, bendera ya Ubelgiji inapepea, na mzungu kasimama pembeni akiangalia. Maneno hayo mawili ya Kifaransa yaliandikwa ndani ya picha, pengine pamoja na miaka. Watu walizitundika ukutani na kuziita ukumbusho. Mgeni akija, anaonyeshwa, na mazungumzo yanaanzia hapo.

Mwaka 1973 Tshibumba alibisha hodi kwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha pale, akitafuta kuuza picha. Wakazoeana, na Tshibumba akamweleza kwamba anachotaka hasa ni kuandika historia ya nchi yake yote kwa brashi. Akaifanya. Katika muda wa kama mwaka mmoja alichora picha zipatazo 100, akianzia enzi za wafalme wa zamani, akapita kwa Msiri na kuuawa kwake, akaingia enzi ya Wabelgiji, akachora wachimba madini wa Union Minière waliopigwa risasi kwenye mgomo wa mwaka 1941, akafika kwenye uhuru, Lumumba, vita vya Katanga, hadi Mobutu. Aliichora hata habari ya „Simba Bulaya“, wale waliosemekana kukamata watu usiku, ambao sisi tungewaita mumiani. Picha zina maandishi: juu ya bango la kituo, kwenye ukuta wa nyumba, pembeni kama maelezo, hapa tarehe, pale jina la mtu. Kifaransa chake ni cha mtu aliyeandika alivyosikia. Na kila alipokabidhi picha alikaa akaisimulia kwa Kiswahili, kinasa sauti kikizunguka. Fabian aliyaweka masimulizi na picha pamoja katika kitabu kilichotoka mwaka 1996.

Nilikiona kitabu hicho kwa mtu, na ukurasa niliokaa nao ni wa kifo cha Lumumba na wenzake wawili, Mpolo na Okito, tarehe 17 Januari 1961. Watu watatu wamelala chini. Kule nyuma, mlimani, iko misalaba mitatu, na asiyeijua Injili ni nani? Ubavuni mwa Lumumba inatoka damu, inatiririka ardhini, na inapotiririka inaandika neno: „unité“, umoja. Hakulibandika juu ya picha baada ya kumaliza. Ni damu yenyewe imepinda ikawa herufi.

Sasa mpe picha hiyo yule mwenye ukumbi anayetaka maneno yafutwe. Afute. Kitabaki nini? Watu watatu waliokufa na misalaba. Itakuwa picha ya huzuni, nzuri kiasi, ya mauaji yoyote popote. Neno lile moja ndilo linalokwambia amekufa kwa ajili ya kitu gani, na ndilo linalokulazimisha useme kama unakubaliana na mchoraji au la. Mtu wa Katanga aliyetaka jimbo lijitenge angeweza kuisoma damu ile na kukasirika. Hiyo ndiyo nguvu ninayoizungumzia. Mimi kama fundi wa herufi naongeza jambo la ufundi: kuifanya damu isomeke huku ikiendelea kuwa damu si kazi ndogo. Ukiinyoosha sana inakuwa kibao cha duka, ukiiachia sana haisomeki. Yule bwana alijua afike wapi na aachie wapi.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake hazijulikani. Picha zake za historia ziko Amsterdam, kwenye jumba la makumbusho lililokuwa likiitwa Tropenmuseum. Zimetunzwa vizuri, sina shaka. Lakini kazi iliyosimuliwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, kwa ajili ya sebule za Lubumbashi, inatazamwa leo na watu wanaohitaji karatasi ya tafsiri ukutani. Wachoraji wetu wangapi wamewahi kulisikia jina lake? Nimewauliza wengi wanaopita bandani kwangu. Wanamjua Picasso.

Wa pili ni mwenzangu kikazi. Chéri Samba alizaliwa mwaka 1956 katika kijiji cha Kinto M'Vuila, akaenda Kinshasa mwaka 1972 akiwa kijana, na kazi ya kwanza aliyoishika ni ya kuchora mabango. Mwaka 1975 alifungua karakana yake. Alitundika picha nje, watu wakapita, wakatupa jicho, wakaenda zao. Akafikiria kama fundi wa mabango anavyofikiria: huyu mtu nitamsimamishaje? Akaanza kuandika ndani ya picha, maneno mengi, Kifaransa na Kilingala, habari za ndoa, rushwa, magonjwa, wanasiasa, hata habari zake mwenyewe. Watu wakasimama kusoma. Anayesoma husogea karibu, akisogea huona mengine aliyoyachora, na asipokubaliana humgeukia aliye karibu naye. Mwaka 1989 picha hizo, na maandishi yake yote, zilitundikwa Paris kwenye maonyesho makubwa ya Magiciens de la terre. Hakuna aliyemwambia afute. Kwa hiyo ile hoja kwamba maneno ni ya mtaani na hayakubaliki kwenye kumbi kubwa za nje imepitwa na wakati miaka mingi, na wanaoishikilia hapa kwetu ndio pekee hawajaambiwa.

Na yupo Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja, 1954, aliyepelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga baada ya kufiwa na baba yake. Mwaka 2017 alipata tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka 2004 alitengeneza kazi iitwayo Naming the Money: watu 100 wa mbao, wa kimo cha mtu kamili, wamepakwa rangi na kusimamishwa ukumbini ili mtazamaji atembee katikati yao. Ni wapiga ngoma, washona viatu, wachora ramani, waganga wa mitishamba na wengine, Waafrika waliopelekwa Ulaya kuwatumikia matajiri. Mbele ni nguo za kupendeza na rangi za kuvutia. Ukizunguka nyuma yao unakuta karatasi ya hesabu iliyoandikwa mistari michache, mtu akijieleza: jina langu lilikuwa hili, wao wananiita vile, kazi yangu ilikuwa hii, sasa nafanya ile. Usipozunguka hutalijua jina lake. Umependa nguo tu, ukaondoka. Sijui kama Himid aliwaza kanga alipoyaweka maneno mgongoni, na sitamsemea. Ametengeneza pia kazi zinazofuata umbo la kanga, zenye pindo, mji na maandishi, kwa hiyo kanga anaijua.

Nisije nikaonekana nasifu kila ukuta ulioandikwa. Nenda shule yoyote ya msingi utazame kuta zilizochorwa kwa fedha za mradi. Watoto wanacheka wote kwa namna moja, na juu yao: „Nawa mikono yako“, „Epuka vishawishi“, „Elimu ni ufunguo wa maisha“. Nyingine nimeziandika mimi, nikalipwa, na sioni haya kusema hazina maana kama picha. Kosa lake ni kwamba neno na mchoro vinasema kitu kilekile. Mtoto ananawa mikono, chini imeandikwa kuwa ananawa mikono. Moja kati ya hivyo viwili ni mzigo. Ukuta wa namna hiyo ndio uliowapa walimu wa sanaa sababu ya kuchukia maandishi, nami hapo nawaelewa. Lakini dawa ya neno baya ni neno zuri. Mchora katuni Masoud, yule tunayemwita Kipanya, anaweza kuchora wakubwa wanazungumza jambo zito, na kipanya chake kikawa kimesimama kwenye kona na neno lake dogo ambalo halielezi picha hata kidogo, linaichokoza. Kila asubuhi watu wazima wanaanzia gazeti hapo. Mwalimu anayesema maandishi yanaua picha na asubuhi hiyo hiyo kacheka katuni ajitazame vizuri.

Jingine ni mkono. Vijana wengi wakishakubali kuandika, wanakimbilia kompyuta. Wanachora picha ya sokoni kwa brashi, rangi imekaa, watu wanapumua, halafu wanachapa maneno kwa mashine na kuyabandika juu, herufi zimenyooka na zimekufa. Pale ndipo picha inafanana na bango, na bango baya. Herufi ichorwe kwa mkono uliochora uso. Kama uso una haraka, herufi iwe na haraka. Kama kuna kivuli upande wa kulia wa nyumba, herufi nazo zipate kivuli kulia. Ukiandika kwenye ndoo, neno lifuate mzunguko wa ndoo, lijikunje pembeni linapozunguka. Yule jirani yangu alilijua hilo bila kufundishwa, jina la mwenye ndoo linapotea ukingoni na herufi mbili za mwisho hazionekani. Wakamwambia afute!

Hakufuta. Nilimshauri asifute, na picha kainunua mwenye mgahawa wa hapa mtaani, kaitundika juu ya meza ya chapati. Wateja wanaisoma wakingoja chai, na wameanza kubishana yupi ni yupi.

Kwa wanaoendesha kumbi na mashindano ya uchoraji, ombi langu ni moja: toeni kwenye masharti yenu, yaliyoandikwa na yasiyoandikwa, hilo la kukataza maneno, kisha muwaachie watazamaji waamue. Walimu, wafundisheni vijana wenu Tshibumba na Samba kabla ya kuwafundisha Paris. Na wewe msomaji unayetaka picha ya sebuleni, acha twiga mwaka huu. Mtafute mchoraji wa mtaani kwako, mpe habari ya nyumbani kwenu ambayo watu wanainong'ona tu, mkubaliane bei, halafu mwambie aiandike kwa Kiswahili, herufi kubwa, mgeni aweze kuisoma akiwa mlangoni.